Kujiundia Kompresa ya Sauti: Usalama Wako na Haki Zako Kabla ya Kulehemu

Maneno ya mada iliyotolewa mbele ya watumiaji wa bidhaa za umeme na elektroniki



Niseme mapema kwamba kompresa nitakayoizungumzia si ile ya friji, wala ile ya kujazia upepo matairi ya gari. Ni chombo cha sauti kinachotumika studio, katika vituo vya redio na katika nyumba za ibada, na ambacho siku hizi vijana wengi hukiagiza kikiwa vipuri vitupu ili wakiunde wenyewe mezani kwao. Taasisi yetu ina wajibu wa kumlinda mtumiaji, na mtu anayenunua vipuri akageuka fundi ni mtumiaji kama wengine. Ila ulinzi wake una masharti yake, na masharti hayo ndiyo mada yangu.

Nitaanza na kazi ya chombo chenyewe. Mwimbaji huanza kwa kunong'ona, na baada ya sekunde chache hupaza sauti mpaka spika zikakwaruza. Kompresa huitambua sauti iliyozidi kiwango fulani na kuishusha mara moja, kisha huiachia irudi, ili tofauti baina ya sauti ya juu na ya chini ipungue. Ukiiweka katika uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyovuka kiwango kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imevuka kwa desibeli 2 tu. Maneno husikika sawasawa, na spika hazidhuriki.

Seti nyingi zinazouzwa huiga vyombo mashuhuri vya Marekani vya muongo wa 1960. Inayoigwa sana ni 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam na kutoka mwaka 1967. Nyingine ni LA-2A ya kampuni ya Teletronix, inayotumia valvu za kioo na taa inayoamuru ukubwa wa sauti. Mifano yangu mingi nitaitoa katika 1176, kwa sababu hutumia transista na umeme mdogo ndani yake, na kwa hiyo ndiyo inayowafaa zaidi wanaoanza. LA-2A ni habari nyingine. Valvu zake huhitaji mamia ya volti, na kapasita zake zinaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Hiyo si kazi ya kujifunzia.

Ninaomba kila mmoja atoke hapa na jambo moja. Anayenunua redio dukani hununua kitu kilichokamilika, na kikiungua mtu wa kuulizwa anajulikana. Anayenunua seti ya vipuri huwa yeye mwenyewe ndiye mtengenezaji wa mwisho. Kabla hajalehemu, kipuri kibovu ni cha muuzaji. Baada ya kulehemu, muuzaji atasema umekiunguza wewe kwa pasi yako, nawe utakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha vinginevyo. Risasi ikishayeyuka, sehemu kubwa ya ushahidi wako huyeyuka nayo. Kwa hiyo hatua nitakazozieleza zinalinda mambo mawili kwa pamoja, yaani uhai wako na haki yako.

Je, unaihitaji kweli?

Swali la kwanza la mtumiaji mwenye busara si bei, bali ni haja. Ikiwa unarekodi kwa kompyuta, kompresa huenda unayo tayari bila kujua. Programu za kurekodi huja nayo ndani, na Audacity, ambayo hutolewa bure, inayo pia. Jizoeze kwayo kwanza. Ukiona bado unataka chombo cha kushikika mkononi, kwa sababu ya ladha ya sauti yake au kwa hamu ya kujifunza, hiyo ni sababu halali na hatukuzuii.

Kisha fanya hesabu nzima. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo mara nyingi ni mwanzo tu. Ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha na kodi. Ongeza vifaa kama huna: pasi ya kulehemu yenye kurekebishika joto, multimita, koleo la kukatia miguu ya vipuri, na waya wa risasi ulio bora. Jumla ikikaribia bei ya chombo kilichokamilika chenye dhamana, huna sababu ya kifedha ya kujiundia.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Neno "seti" halina maana moja. Kwa muuzaji mmoja ni ubao wa saketi mtupu, na vipuri utavitafuta mwenyewe. Kwa mwingine ni ubao pamoja na vipuri vidogo, bila transfoma wala boksi. Kwa wa tatu ni kila kitu hadi skrubu ya mwisho. Uliza kwa maandishi, na uhifadhi majibu:

Kwanza, nini kimo na nini hakimo? Taja kwa jina transfoma ya umeme, boksi la chuma, mita ya mshale, soketi za nyaya za maikrofoni, waya wa umeme na fyuzi.

Pili, transfoma inakubali volti ngapi? Umeme wa Tanzania ni volti 230 kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Wa Marekani ni volti 120 kwa mizunguko 60. Jibu la "inafanya kazi popote" halitoshi. Omba mchoro wa kuunganisha nyaya za transfoma kwa volti 230.

Tatu, je, kuna mwongozo wa kuunda, orodha ya vipuri, mchoro wa saketi na maelezo ya kurekebisha chombo kikishakamilika? Uombe usome kabla ya kulipa. Mwongozo usioeleweka leo hautaeleweka zaidi siku ya kuunda.

Nne, transista zinazotawala sauti zimepimwa na kulinganishwa? Katika 1176 kuna transista za aina ya FET. Moja hushusha sauti, na mwenzake huiongoza mita inayoonyesha sauti imeshushwa kiasi gani. Transista za namna hii hutofautiana sana hata zikitoka mfuko mmoja, na zisipolinganishwa mita haitasema kweli.

Tano, kipuri kikikosekana au kikiwa kibovu, nani ataleta kingine, kwa gharama ya nani, na kwa muda gani?

Muuzaji mwaminifu hataudhika kwa maswali haya. Anayeudhika amekwisha kujibu.

Siku ya kufungua kifurushi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ndilo rafiki yako wa kwanza. Kabla ya kukata utepe wa boksi, lipige picha kutoka pande zote. Lifungue ukiendelea kupiga picha. Tandaza vipuri juu ya kitambaa cheupe, vihesabu kwa kufuata orodha, na uandike pengo lolote. Ikikosekana hata kapasita moja, mwandikie muuzaji siku hiyo hiyo. Malalamiko ya siku ya kwanza yana uzito ambao malalamiko ya mwezi wa tatu hayana.

Hatua inayofuata wengi huiruka. Pima kila rezista kwa multimita kabla ya kuiweka mahali pake. Rangi za rezista hudanganya macho, hasa usiku chini ya taa. Manjano, zambarau na kahawia ni omu 470. Manjano, zambarau na rangi ya chungwa ni omu 47,000. Kahawia na chungwa zikififia hufanana, na thamani ya pili ni mara mia ya ile ya kwanza. Pima, andika, kisha ibandike rezista kwenye karatasi penye namba yake. Ni kazi ya saa moja au mbili. Ikionekana thamani si ile iliyoahidiwa, una ushahidi mkononi, na kipuri hakijaguswa na risasi.

Kulehemu

Tumia risasi ya vipuri vya elektroniki, yenye utomvu ndani yake. Usitumie kamwe asidi ambayo mafundi bati huitumia kuunganishia mabati. Asidi hiyo hubaki kwenye ubao na kuula polepole, na chombo kinachofanya kazi leo hufa baada ya miezi. Mchanganyiko wa kawaida wa risasi na bati huyeyuka karibu na nyuzi 183 za Selsiasi, na pasi huwekwa kwenye nyuzi 350 hivi ili kazi iwe ya haraka. Pasha mguu wa kipuri na duara la ubao kwa pamoja, kisha gusisha risasi hapo, si kwenye ncha ya pasi. Kiungo kizuri hung'aa na kuteremka kama kilima kidogo. Kiungo kibaya hufifia na kuvimba kama tone la nta. Fungua madirisha, nawa mikono kabla ya kula, na usiruhusu watoto kucheza na mabaki, kwa kuwa risasi ni sumu.

Anza na vipuri vifupi, yaani rezista na dayodi, na umalizie na virefu. Vitatu vina upande wake na havisamehe. Dayodi ina mstari unaopaswa kuelekea upande wa mstari uliochorwa ubaoni. Kapasita kubwa ya mviringo ina mstari wa alama ya kutoa upande wa hasi, na ikigeuzwa inaweza kuvimba na kupasuka. Transista ina miguu mitatu, na mpangilio wa miguu hutofautiana baina ya aina na aina hata kama maumbo yanafanana. Kabla ya kulehemu kipuri chenye upande, simama, tazama picha ya mwongozo, kisha tazama tena.

Upande wa umeme wa nyumbani

Sasa nafika mahali ambapo kosa halirekebishwi kwa kununua kipuri kingine. Kutoka kwenye plagi hadi kwenye transfoma, chombo hiki kina umeme uleule unaoendesha pasi ya nguo na jiko. Ushauri wa taasisi yetu hauna mzunguko: ikiwa hujafunzwa, sehemu hii mpe fundi umeme mwenye sifa, akae nawe, aifanye nawe ukiona. Ada yake ni sehemu ya gharama ya seti.

Transfoma nyingi za seti zina nyuzi mbili za kuingizia umeme, kila moja ya volti 115. Kwa umeme wa Marekani huunganishwa sambamba. Kwa umeme wetu lazima zifuatane, moja baada ya nyingine, ili zigawane volti 230. Anayefuata mchoro wa Marekani akachomeka hapa kwetu huzipa nyuzi hizo mara mbili ya volti zake. Akiwa na bahati fyuzi itakatika. Asipokuwa nayo, transfoma itaungua, au volti zitakazotoka upande wa pili zitakuwa mara mbili na kuharibu kila kilicho mbele yake.

Fyuzi nayo hubadilika pamoja na volti. Chombo kilekile kikitumia volti 230 huhitaji takriban nusu ya mkondo kinaouhitaji kwa volti 115, na kwa hiyo fyuzi yake huwa ndogo zaidi. Weka iliyotajwa na mwongozo kwa volti zetu. Fyuzi ikikatika mara ya pili inakwambia kuna hitilafu. Kuweka kubwa zaidi, au kuizungushia karatasi ya sigara kama inavyofanyika mitaani, ni kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele.

La mwisho katika sehemu hii ni waya wa ithi, ule wa kijani na manjano. Boksi likiwa la chuma, waya huu lazima ufungwe kwenye boksi lenyewe kwa boliti yake peke yake, mahali ambapo rangi imekwanguliwa. Pima kwa multimita, plagi ikiwa haijachomekwa ukutani: kutoka pini ndefu ya plagi hadi kwenye boksi pasizidi omu 1. Waya wa moto ukichomoka ndani na kuligusa boksi, ithi ndiyo itakayoufanya umeme ukatike badala ya kukusubiri wewe uliguse. Wapo wanaong'oa ithi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo unaweza kwisha, lakini kwa gharama ya kumwacha mwimbaji mwenye jasho, maikrofoni ya chuma mkononi, bila kinga yoyote. Zipo njia nyingine za kuondoa mvumo, nami nitazitaja.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usikimbilie muziki. Kwanza, umeme ukiwa haujaunganishwa, kagua ubao kwa kioo cha kukuzia, ukitafuta matone ya risasi yaliyounganisha vituo viwili. Kisha pima ukinzani baina ya kila njia ya umeme ya ubao na njia ya sifuri. Ukisoma karibu na sifuri, kuna mgusano, usiwashe.

Pili, fundi wako anaweza kutumia njia ya zamani na ya busara: kuunganisha balbu ya nyuzi, ile inayotoa joto, kwa kufuatana na chombo. Balbu hiyo na viungo vyake viwe ndani ya boksi lililofungwa, maana navyo vina umeme wa nyumbani. Balbu ya wati 60 kwa volti 230 haipitishi zaidi ya ampea 0.26 hivi, hata chombo kikiwa na mgusano kamili. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiwaka kwa nguvu bila kupungua, zima. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii.

Tatu, chombo kikiwa kimeunganishwa moja kwa moja, pima volti zinazotumika ndani kabla ya kuingiza sauti yoyote. Katika 1176 kuna njia mbili za mkondo mnyoofu: volti 30 chanya na volti 10 hasi. Nukta ndogo ya tofauti huvumilika. Tofauti kubwa haipuuzwi. Shika waya wa multimita kwa mkono mmoja, mwingine uwe mbali na chuma, na viungo vya umeme wa nyumbani viwe vimefunikwa. Nusa na tazama. Kipuri kinachonuka au kinachochemka katika dakika ya kwanza kimekwisha kukuonyesha mahali pa kuanzia.

Kutafuta hitilafu

Chombo kikikataa, usianze kung'oa vipuri kwa kubahatisha. Kila king'olewacho huacha ubao ukiwa dhaifu zaidi na madai yako yakiwa hafifu zaidi. Fuata dalili.

Kikiwa hakiwaki kabisa, anza nje kuja ndani: soketi ya ukutani, fyuzi ya plagi, fyuzi ya chombo, swichi, kisha nyaya za transfoma. Zima na uchomoe plagi kila unapogusa.

Sauti ikipita lakini ikiwa hafifu mno, pima volti 10 hasi. Volti hiyo ndiyo inayoifunga FET. Ikikosekana, FET hubaki wazi na kuipeleka sehemu kubwa ya sauti kwenye njia ya sifuri, kana kwamba kompresa inashusha kwa nguvu zote bila kupumzika. Wengi hubadilisha transista za njia ya sauti moja baada ya nyingine, kumbe dayodi moja ya upande wa hasi imegeuzwa. Kagua pia soketi za maikrofoni: pini ya 1 ni ya kinga, ya 2 na ya 3 hubeba sauti. Pini moja ikikosa kiungo, sauti hukonda.

Mvumo una lugha yake. Ukiwa mzito wa mizunguko 50, mara nyingi hutokana na nyaya za sauti kupita karibu na transfoma, au vyombo viwili kuunganishwa ithi kwa njia mbili tofauti. Sogeza nyaya, chomeka vyombo vyote kwenye soketi za mahali pamoja, na utumie nyaya za sauti za pini tatu. Ukiwa mkali zaidi, wa mizunguko 100, tazama kapasita kubwa zinazolainisha umeme na dayodi zinazougeuza. Katika hali zote mbili ithi hubaki mahali pake.

Ikionekana chombo hakishushi sauti kabisa, kabla ya kukilaumu, soma maana ya vitasa vyake. Katika 1176 kitasa cha kasi ya kushika kikizungushwa hadi mwisho wa upande wa kushoto, ushushaji huzimwa. Tena kitasa hicho huenda kinyume na watu wanavyodhani: namba 7 ndiyo kasi kubwa kabisa, yaani sehemu 20 za milioni za sekunde. Na hakuna kitasa cha kuchagua kiwango ambapo kazi huanza. Ukitaka chombo kishike zaidi, ongeza sauti inayoingia. Haya si maradhi, ni tabia ya chombo, na kwayo hupaswi kumdai mtu.

Mwisho ni urekebishaji. Ndani kuna kitasa kidogo kinachopanga FET ikae ukingoni, pale inapotaka kuanza kushusha. Miongozo kwa kawaida huelekeza uingize mlio wa kudumu, kisha uzungushe mpaka sauti itakayotoka ipungue kwa desibeli 1. Tumia bisibisi ya plastiki. Chombo ambacho hakijarekebishwa hukwaruza na huonekana kibovu, ilhali kimebakiza dakika kumi tu za kazi.

Haki zako, na mipaka yake

Tuchukue mfano. Mnunuzi mmoja ameagiza seti iliyotangazwa kuwa kamili na ya volti 230. Amefungua akakuta transfoma ya volti 115 pekee. Huyu ana madai yaliyo wazi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu na upotoshaji katika biashara, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inataka bidhaa iuzwayo kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Anastahili kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Lakini kama ameilehemu transfoma, ameichomeka na ameiunguza, muuzaji atakuwa na la kujitetea: maandishi yalikuwa ubavuni mwake, mbona hukusoma? Transfoma ni ileile na kosa la kwanza ni lilelile. Kilichopungua ni nguvu ya madai.

Mnunuzi wa pili ameipokea seti iliyo sahihi, akageuza kapasita, ikapasuka. Huyu hana madai, ila kama mwongozo wenyewe ulichora kapasita kinyume. Kwa sababu hiyo usitupe mwongozo, wala kipuri kilichoungua. Kihifadhi katika bahasha yenye tarehe.

Ukiwa na madai, mwandikie muuzaji kwanza. Eleza ulichonunua, ulichoahidiwa, ulichokikuta na unachokitaka, ukiambatisha stakabadhi na picha. Mpe muda unaofaa wa kujibu. Akinyamaza au akikataa bila sababu, leta malalamiko kwetu pamoja na nakala hizo. Muuzaji akiwa ng'ambo mkono wetu huwa mfupi. Kwa hiyo kinga huanza wakati wa kulipa: chagua njia ya malipo inayokuruhusu kupinga muamala, na usimtumie fedha mtu asiye na anwani inayojulikana.

Neno la mwisho ni kwa anayefanikiwa, kwa maana huyu naye ana wajibu. Kompresa yako ikishafanya kazi vizuri, jirani ataiona, atatamani, naye atakuomba umuundie yake kwa malipo. Tangu siku hiyo umevuka kutoka upande wa mtumiaji hadi upande wa muuzaji. Utawajibika kwa usalama wa ulichokiunda. Mweleze mnunuzi waziwazi kwamba ni chombo kilichoundwa kwa mkono kwa kuiga 1176, na usibandike juu yake jina la kampuni ambayo haikukitengeneza. Kuiga umbo la saketi na kuuza kwa jina la mwingine ni mambo mawili tofauti, na la pili ni kosa.

Basi, ndugu zangu, utaratibu wenyewe ni huu: uliza kabla ya kulipa, piga picha kabla ya kufungua, pima kabla ya kulehemu, kagua kabla ya kuwasha, na soma kabla ya kulalamika. Haugharimu chochote isipokuwa uvumilivu. Nakala ya orodha ya ukaguzi na ya fomu ya malalamiko zinapatikana bure katika ofisi zetu, na mwenye seti ambayo bado haijafunguliwa anakaribishwa aje na maswali yake mapema.